Kisa cha barabara ya Kamwenge: tathmini ya jamii ilipoishia kwenye fidia

Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta ufadhili wake kwa Mradi wa Maendeleo ya Sekta ya Uchukuzi nchini Uganda, jumla ya dola za Marekani milioni 265. Fedha za aina hiyo hazifutwi kirahisi. Miradi ya barabara huchelewa, gharama hupanda, mkandarasi mmoja huondolewa na mwingine kuletwa, lakini mkopo huendelea. Huu ulikatishwa kwa sababu ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwa kwenye lami wala kwenye makalavati. Kulikuwa na wasichana wadogo waliofanyiwa ukatili wa kingono na wafanyakazi wa barabara, watoto waliofanyishwa kazi za ujenzi, wanawake walionyanyaswa kazini, na wananchi waliolalamikia fidia ya ardhi zao.

Kiini cha yote kilikuwa kipande cha kilomita 66 kati ya Kamwenge na Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Ilikuwa barabara ya moramu, na wakati huo ilikuwa inawekwa lami. Inapita kwenye msitu wa Kibale, maarufu kwa sokwe wake, na kukatiza Bigodi, mji mdogo ambao watalii wanaujua kwa ardhi oevu na ndege. Mradi ulisimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Barabara ya Uganda, UNRA, ukiwa na kampuni ya ujenzi kutoka China na mhandisi mshauri wa kuisimamia. Hakuna mtu wa eneo lile aliyesema barabara haitakiwi. Hata wale walioandika malalamiko waliitaka, na jambo hilo linapaswa kukumbukwa mwanzo hadi mwisho wa uchambuzi huu.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu nyaraka zake zilichapishwa, na kwa sababu kinaonyesha kosa ambalo bado naliona kwenye tathmini nyingi za miradi ya ujenzi. Tunapoulizwa kama mradi ni endelevu kijamii, tunamtafuta mwenye shamba, tunapima shamba lake, tunamlipa, kisha tunaandika kwamba suala la jamii limeshughulikiwa. Kamwenge madhara makubwa zaidi yaliwapata watu wasio na shamba la kupimwa: msichana anayekwenda shule kwa miguu, kibarua mwanamke anayeshika bendera ya kuongozea magari, mtoto aliyeacha darasa akatafute ujira. Hawakuwamo kwenye orodha ya walioathirika kwa kuwa orodha yenyewe iliandaliwa kwa kufuata mipaka ya ardhi.

Malalamiko yalivyopanda

Desemba 2014 wakazi wa Bigodi na vijiji jirani walipeleka lalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Jopo hilo liliundwa mwaka 1993 ili watu wanaoumizwa na miradi ya Benki waweze kuidai Benki yenyewe, bila kupitia serikali yao. Septemba 2015 likafika lalamiko la pili. Ndani ya barua hizo kulikuwa na mambo ya kawaida ya ujenzi wa barabara: vumbi, kelele, milipuko ya machimbo, usalama wa waenda kwa miguu, ardhi iliyochukuliwa. Kulikuwa pia na yale yaliyokuja kuushtua ulimwengu wa miradi: uhusiano wa kingono kati ya wafanyakazi na wasichana walio chini ya umri, mimba, kuacha shule, hofu ya kuenea kwa VVU, ajira ya watoto.

Uganda inahesabu mtu kuwa mtoto mpaka afikishe miaka 18, na kufanya ngono naye ni unajisi kwa mujibu wa sheria ya makosa ya jinai, awe amekubali au hakukubali. Kwa hiyo hapakuwa na utata wa kisheria wa kuwachanganya maofisa. Kilichokosekana ni mtu ndani ya mradi ambaye kazi yake ni kuona, na aliye na uwezo wa kusimamisha jambo baada ya kuliona.

Fedha za kazi za ujenzi zilisimamishwa Oktoba 2015, na mradi ukafutwa miezi miwili baadaye. Kati ya lalamiko la kwanza na kusimamishwa kwa fedha ilipita miezi kumi. Katika ujenzi wa barabara, miezi kumi ni muda wa kumaliza tabaka zima la chini la kilomita kadhaa. Katika maisha ya msichana ni muda wa kushika mimba na kujifungua. Nauchukulia muda huo kama kipimo cha kwanza cha kisa hiki, kabla ya kipimo kingine chochote: mfumo wa mradi ulichukua muda gani kutoka kusikia hadi kutenda?

Rais wa Benki wakati huo, Jim Yong Kim, alikiri hadharani kwamba walioshindwa ni wote watatu, yaani Benki, serikali ya Uganda na mkandarasi. Ripoti ya Jopo iliyotoka mwaka 2016 iliunga mkono sehemu kubwa ya malalamiko. Ilionyesha kwamba hatari zinazoletwa na wimbi la wafanyakazi wageni hazikuchunguzwa ipasavyo, kwamba uwezo wa taasisi iliyotekeleza mradi ulikuwa mdogo kuliko kazi iliyopewa, na kwamba usimamizi wa Benki haukuwa karibu kiasi cha kuona kinachoendelea.

Tathmini ilitazama wapi

Mtu asiyeujua mfumo anaweza kudhani kwamba hapakuwa na tathmini kabisa. Ilikuwapo. Barabara ile ilikuwa na taarifa ya athari za mazingira na jamii, ilikuwa na mpango wa fidia, na ilikuwa na shughuli za kinga ya UKIMWI. Kwenye karatasi faili lilitimia, na hilo ndilo linalonisumbua. Kama lisingekuwapo kabisa, tungesema tu liandaliwe. Lilikuwapo, likapitishwa, na halikumwona mtoto.

Sababu ya kwanza iko kwenye kanuni zenyewe. Sera za Benki za wakati huo zilikuwa na nguvu kwenye mambo mawili matatu ya jamii: kuhamisha watu, ardhi yao, na jamii za asili. Hapakuwa na sera kamili kuhusu kazi na masharti ya ajira. Mtaalamu aliyekwenda saiti akiwa na sera hizo mkononi alikuwa na maswali mengi ya kumuuliza mwenye nyumba iliyobomolewa, na machache sana ya kumuuliza kibarua asiye na mkataba wa maandishi. Watu hukagua kile walichotumwa kukikagua.

Sababu ya pili ni namna hatari ya ngono ilivyoeleweka. Mikataba ya barabara iliyofadhiliwa na benki za maendeleo ilikuwa tayari na kifungu cha kinga ya UKIMWI. Kifungu hicho kimesaidia, na wala sitaki kukidharau, kwani kililetwa na miaka ya maumivu katika ukanda wetu. Lakini kinaliona tatizo kama ugonjwa. Tatizo likiwa ugonjwa, dawa yake ni semina, mabango, upimaji na kondomu, na ushahidi wa utekelezaji ni orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Mkandarasi anaweza kutimiza kifungu hicho asilimia mia huku mfanyakazi wake akimharibia maisha mwanafunzi wa darasa la saba, maana hakuna mstari hata mmoja kwenye fomu unaouliza umri wa msichana huyo. Tafsiri ya afya ilisimama mahali pa tafsiri ya nguvu: nani ana mshahara katika eneo lisilo na mishahara, nani anaweza kukataa, na akikataa atakosa nini.

Hapa inafaa kutua kidogo, kwa sababu hili ndilo linaloelezea jinsi madhara yanavyotokea, na linatokea karibu kila ujenzi mkubwa unapoingia sehemu ya vijijini. Mradi huleta wanaume wengi, wengi wao mbali na familia zao, wenye fedha taslimu kila mwisho wa mwezi au kila wiki. Makao rasmi yasipowatosha, wanapanga vyumba mitaani. Biashara za vyakula, vinywaji na vyumba zinachipuka kandokando ya kambi, na zinaajiri wasichana. Kodi ya chumba inapanda, na familia maskini zinasukumwa au zinavutwa kuingia kwenye biashara hiyo. Barabara yenyewe inabadilika kila siku: njia ya mchepuko inahamishwa, watoto wanapita karibu na mitambo na karibu na madereva. Dereva wa lori la moramu anapita mbele ya shule mara nyingi kwa siku, anawafahamu wanafunzi kwa majina, anaweza kutoa lifti. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji mtu mwovu wa kipekee ili kiwe hatari. Mpangilio wenyewe unatosha, na mpangilio unaweza kupimwa kabla tingatinga la kwanza halijashushwa.

Sababu ya tatu ni ngazi ya usimamizi. Mfadhili yuko mbali, taasisi ya serikali iko mji mkuu, mhandisi mshauri yuko saiti lakini kazi yake hasa ni ubora na kiasi cha kazi, na mkandarasi analipwa kwa kazi iliyokamilika. Kwenye ngazi hiyo kila mmoja alikuwa na haki ya kuamini kwamba masuala ya jamii yanaangaliwa na mwenzake. Mpango wa usimamizi wa jamii huwa kiambatisho cha mkataba, na kazi za kiambatisho mara nyingi hazina bei yake kwenye mchanganuo wa gharama. Kazi isiyo na bei haidaiwi, na isipodaiwa hakuna anayekagua kama imefanyika. Mhandisi yeyote aliyewahi kusaini hati ya malipo anajua hivyo.

Wastani unavyoficha

Tathmini nyingi za uendelevu wa kijamii hutumia alama. Unaorodhesha vigezo, unavipa uzito, unatoa alama, unajumlisha. Njia hii inapendwa kwa kuwa inatoa namba moja ambayo kiongozi anaweza kuisoma haraka. Tuijaribu Kamwenge kwa mfano wa kubuni. Ajira kwa wenyeji, 9 kati ya 10. Fidia, tuseme imerekebishwa vizuri, 8. Usalama wa watoto, 2. Wastani ni 6.3. Kwenye ripoti hiyo inasomeka kama mradi unaoendelea vizuri wenye eneo moja la kuboresha.

Nadhani hesabu hiyo haipaswi kuruhusiwa kabisa. Kuna vigezo vinavyoweza kufidiana: ukiajiri wenyeji wachache lakini ukawafundisha ufundi zaidi, mjadala unaweza kuwapo. Na kuna vigezo visivyofidiwa na kitu chochote. Usalama wa mtoto, uhai wa mfanyakazi, kazi ya kulazimishwa: hivi vinapaswa kuwa mipaka, siyo alama. Mradi ukivuka mpaka mmoja, jumla haihesabiwi, na barua inayoandikwa siku hiyo ni ya kusimamisha kazi. Wahandisi hawana ugumu wowote kuelewa jambo hili kwenye fani yao. Nguzo ya daraja ikishindwa jaribio la nguvu ya zege, hakuna anayesema kwamba rangi ya kingo ni nzuri na kwa hiyo wastani unaridhisha.

Viwango vya kimataifa navyo vimekuwa vikijifunza polepole. Kiwango cha Ulaya cha mwaka 2014 cha kutathmini utendaji wa kijamii wa majengo, EN 16309, kilijifunga kwenye hatua ya matumizi ya jengo: ufikikaji wake, afya na starehe ya wanaolitumia, usalama, athari kwa majirani. Hatua ya kujenga, ambamo watu hufa na kunyanyaswa, iliachwa nje ya mipaka yake. Miongozo ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira kuhusu tathmini ya kijamii ya mzunguko wa maisha (yaani kupima athari za bidhaa kwa watu tangu malighafi hadi inapotupwa), toleo la mwaka 2009, ilitaja makundi matano ya wahusika: wafanyakazi, jamii ya eneo husika, jamii pana, watumiaji, na walio kwenye mnyororo wa thamani. Watoto waliongezwa kama kundi linalojitegemea kwenye toleo la mwaka 2020. Msichana wa Bigodi angepimwa na mwongozo wa kwanza angehesabiwa ndani ya jamii ya eneo husika, pamoja na mwenye nyumba ya wageni anayefaidika na wapangaji wale wale wanaomwinda.

Namna ya kulipima eneo kama lile

Tuchukue barabara ile ile kabla ya ujenzi, kilomita 66, na tujiulize mtathmini angefanya nini tofauti. Ningeanza na mchoro ambao mhandisi tayari anao. Kila barabara huchorwa kwa mstari wenye alama za kilomita, na kwenye mstari huo hupangwa makalavati, machimbo ya moramu, vyanzo vya maji, sehemu za kugeuzia magari. Kwenye mstari huo huo ziwekwe shule, njia wanazopita wanafunzi, visima, vituo vya afya, masoko, vilabu vya pombe na nyumba za wageni. Kisha ziwekwe kambi na karakana za mkandarasi. Mtu yeyote atakayeutazama ataona ni wapi malori na watoto watatumia njia moja saa moja asubuhi, na ni wapi wafanyakazi wengi watalala karibu na shule ya wasichana. Uamuzi wa kuhamisha kambi ni rahisi ikiwa bado ni mchoro. Ikishajengwa hauwezekani tena.

La pili ni idadi. Wafanyakazi wangapi watatoka nje ya eneo, watafika mwezi gani, watakaa muda gani, watalala wapi, na wenyeji wa mahali wanapolala ni wangapi. Wafanyakazi mia tatu wakipita kandokando ya mji mkubwa hawaonekani. Wakilala kwenye mji mdogo wanaugeuza. Mwongozo ambao Benki ya Dunia iliutoa mwaka 2018 kuhusu ukatili wa kijinsia kwenye kazi kubwa za ujenzi unataka hatari ya namna hii ipangwe kwa madaraja, kutoka ndogo hadi kubwa kabisa, na kila daraja liwe na hatua zake. Ni hatua nzuri, ingawa daraja linafaa tu kama linabadilisha fedha na ratiba.

La tatu ni takwimu za mwanzo. Rejista za mahudhurio shuleni zipo. Kliniki za wajawazito zina kumbukumbu za umri. Polisi na maofisa ustawi wa jamii wana majalada. Zichukuliwe kabla ya ujenzi, bila majina, kwa maeneo ya kandokando ya barabara na kwa maeneo ya mbali yanayofanana nayo, kisha zifuatiliwe kila robo mwaka. Wasichana wakianza kupungua darasani upande mmoja tu, kuna jambo la kuchunguza, hata kama hakuna aliyelalamika. Nisisitize hapa kwamba mtathmini wa ujenzi hana ruhusa ya kwenda kuwahoji watoto kutafuta waathirika. Kazi hiyo ni ya watu waliofunzwa, wenye mahali pa kumpeleka mtoto baada ya kusikia alichosema. Anayemfanya mtoto asimulie kisha akaondoka na daftari lake amemwongezea madhara.

Kisha kuna malalamiko. Ripoti za miradi hupenda kuandika kwamba hakuna malalamiko yaliyopokelewa, na sentensi hiyo husomwa kama mafanikio. Mimi nikiisoma kwenye mradi wenye mamia ya wafanyakazi nashituka. Mradi mkubwa unaoendeshwa vizuri hupokea malalamiko mengi, ya vumbi, ya kuku aliyegongwa, ya mshahara uliokatwa, kwa sababu watu wanaamini kuna atakayesikia. Sanduku lililo tupu linaonyesha kwamba limewekwa ndani ya uzio wa mkandarasi, au kwamba karani wake ni jamaa wa msimamizi, au kwamba anayeogopa kufukuzwa kazi hawezi kuonekana akilikaribia. Bigodi wananchi walilazimika kuandika hadi Washington. Umbali huo ndio kipimo cha jinsi utaratibu wa kupokea malalamiko pale pale saiti ulivyofanya kazi. Na malalamiko ya ukatili wa kingono yanahitaji mlango wa peke yake, unaoshikwa na mwanamke au shirika ambalo halilipwi na mkandarasi, ambako jina la mtoto halitoki.

Mwisho kabisa wa orodha yangu ni ajira yenyewe: kila kibarua awe na mkataba wa maandishi katika lugha anayoisoma, umri wake uhakikiwe, na asaini kanuni za maadili zinazotaja wazi kwamba mtu wa chini ya miaka 18 haguswi. Hili ni rahisi kuliko yote na ndilo wengi huanza nalo, kwa sababu linazaa karatasi za kuonyesha. Bila yale ya juu, sahihi hizo hazimlindi mtu.

Baada ya kufutwa

Benki haikuishia kwenye kufuta. Oktoba 2016 iliunda kikosi kazi cha kimataifa kuhusu ukatili wa kijinsia kwenye miradi yake, na ripoti yake ikatoka mwaka uliofuata. Hati za zabuni zikabadilishwa zidai kanuni za maadili na mipango ya kijamii kutoka kwa mkandarasi. Mfumo mpya wa mazingira na jamii ulianza kutumika Oktoba 2018 ukiwa na viwango 10, na mara hii kazi na masharti ya ajira vikapata kiwango chake, cha pili, na afya na usalama wa jamii kikawa cha nne. Kuanzia mwaka 2021 mkandarasi anayeshindwa kutimiza wajibu wake wa kuzuia unyanyasaji wa kingono anaweza kuzuiwa kupata kandarasi za Benki kwa miaka miwili. Uganda nayo ilipitisha Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019, ambayo tathmini yake sasa inabeba jamii kwa jina, siyo mazingira peke yake.

Hata hivyo, malalamiko ya namna hiyo hiyo yalirudi haraka, safari hii kwenye barabara ya Bukavu–Goma mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na fedha za kazi za ujenzi zikasimamishwa huko pia mwaka 2017. Ninalichukulia tukio hilo kama onyo kwa wanaodhani Kamwenge ilikuwa bahati mbaya ya mahali pamoja.

Kuhusu kufuta kwenyewe, nina maoni yasiyopendwa na pande zote. Kusimamisha fedha Oktoba 2015 kulikuwa sahihi, na kulipaswa kuja mapema zaidi. Kufuta kulituma ujumbe mkali kwa kila serikali na kila mkandarasi, na mabadiliko ya baadaye yasingekuja bila ujumbe huo. Lakini mfadhili anayeondoka anaondoka pia na uwezo wake wa kuweka masharti kwenye kila malipo, wakati ambapo waathirika wanauhitaji zaidi. Benki ililiona hilo, na ikagharamia mpango wa dharura wa ulinzi wa watoto uliotekelezwa na shirika la BRAC katika eneo lile. Ulikuwa msaada wa kweli. Ulikuja baada ya madhara, nje ya mkataba wa ujenzi, kwa fedha zilizotafutwa upya, na tathmini nzuri ingekuwa imezitenga fedha hizo tangu mwanzo.

Ujenzi una utaratibu uliozoeleka ambao nadhani unafaa kuazimwa. Barabara ikikabidhiwa huingia kwenye kipindi cha matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja, na sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa mpaka kipindi hicho kiishe. Lami ikibonyea anarudi kuitengeneza kwa gharama yake. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2015 na msichana wa shule wa Kamwenge atafikisha miaka 18 mwaka 2033, na hakuna fedha iliyozuiwa kwa ajili yake kwenye mkataba wowote. Ninapendekeza kila mkataba wa ujenzi wenye hatari ya daraja la juu uwe na kiasi kinachozuiwa kwa ajili ya madhara ya kijamii, kishikwe na chombo ambacho si mkandarasi wala taasisi iliyompa kazi, kidumu zaidi ya mwaka mmoja, na kitolewe kwa uamuzi wa watu wa ustawi wa jamii badala ya wahandisi. Wakandarasi watasema bei za zabuni zitapanda. Zitapanda, na hapo bei ya barabara itakuwa imehesabu gharama ambayo hadi sasa inalipwa na familia za kandokando yake.

Ugumu wa kweli wa pendekezo hili ni uthibitisho: nani atasema mtoto huyu ni wa mfanyakazi wa mradi, na bila kumdhalilisha mama yake? Jibu langu ni kwamba msaada utolewe kwa kila msichana mwenye mahitaji katika eneo lililopimwa mwanzoni, bila kumdai ushahidi wa baba. Kosa la jinai la mtu mmoja mmoja libaki mikononi mwa polisi na mahakama. Gharama ya eneo zima ibaki kwa mradi, kwa kuwa mradi ndio uliowaleta wanaume wale pale.